SUV Ndogo: Pima Usalama wa Kila Kiti

Mnunuzi wa SUV ndogo iliyotumika Japani huja yadi na maswali yake tayari. Imetembea kilomita ngapi? Ina CC ngapi? Inakunywaje mafuta? Itapita njia ya kijijini baada ya mvua za masika kuichimba? Habari ya usalama huja mwisho, na muuzaji akishasema gari lina eabegi na ABS, mazungumzo yanarudi kwenye bei. Hapo ndipo nataka usimame. Magari mawili ya bei moja, umri mmoja na ukubwa mmoja yanaweza kupata ajali ile ile, dereva wa moja akatoka na michubuko na wa jingine akavunjika miguu. Ukiyaangalia yakiwa yamepangwa yadi huwezi kujua lipi ni lipi, ila tofauti hiyo imeshapimwa na matokeo yameandikwa, tena kuyasoma ni bure.

Unapoyasoma, usitafute jibu la kama gari ni salama au si salama. Tafuta jibu la kiti kwa kiti: dereva wa mkono wa kulia atakuwaje, abiria wa pembeni yake atakuwaje, na watoto pamoja na bibi yao walioketi nyuma watakuwaje. Gari moja linaweza kumlinda mmoja wao vizuri sana na kumtupa mwingine.

Nyota zina mwaka, na gari lina msimbo

Wapimaji wanaogongesha magari mapya na kuyapa nyota au madaraja ni wengi. Japani kuna JNCAP iliyoanza 1995, Ulaya kuna Euro NCAP iliyoanza 1997, Australia na New Zealand wana ANCAP. Marekani, mbali na serikali, kuna IIHS, taasisi inayogharimiwa na kampuni za bima, na kwa maoni yangu majaribio yake ndiyo yenye mafunzo mengi zaidi kuhusu SUV ndogo. Barani kwetu, Global NCAP ikishirikiana na chama cha wenye magari cha Afrika Kusini ilianza mwaka 2017 kupima magari yanayouzwa huko. SUV ndogo mbili zilizopita mikononi mwao zinatosha kuonyesha umbali uliopo kati ya gari na gari: Mahindra XUV300 ilipata nyota tano, Haval H1 ikapata moja.

Usisome nyota bila mwaka wake. RAV4 ilipata nyota nne za Euro NCAP mwaka 2006, na X-Trail ikapata nne mwaka 2007. Suzuki Jimny mpya ilipata tatu mwaka 2018. Mtu akilinganisha namba tupu atadhani RAV4 ya 2006 inaishinda Jimny, na si kweli, kwa sababu mtihani wa 2018 ulidai mambo ambayo mwaka 2006 hayakuulizwa kabisa, yakiwemo breki zinazojifunga zenyewe. Fiat Punto ilipata nyota tano mwaka 2005. Ilipopimwa tena 2017 ikiwa bado inauzwa, ikapata sifuri. Mtihani ndio uliosonga mbele.

Jina pia si kitambulisho cha kutosha. "X-Trail" inaweza kuwa T30 ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, T31 iliyoanza 2007 au T32 iliyoanza mwishoni mwa 2013, na hayo ni magari matatu tofauti yenye bodi tofauti. Forester SH si SJ, na SJ si SK. CX-5 ya kwanza ni KE, ya pili ni KF. Msimbo huo wa umbo uko mwanzoni mwa namba ya chesisi, kwenye kibao ndani ya boneti, na ndio unaopaswa kuwa nao mkononi unapotafuta matokeo. RAV4 ina mtego wake: kizazi cha nne, kilichotoka 2013, hakikuuzwa Japani. RAV4 zinazotoka Japani ni ACA31 na ndugu zake wa zamani, kisha zinaruka hadi zile za 2019 na kuendelea. Ukiona RAV4 ya kizazi hicho cha nne yadi, huenda imetoka Uingereza au nchi nyingine inayoendesha kushoto, hivyo itafutie matokeo ya huko.

Jambo la tatu ni uzito. Nyota hulinganisha magari ya uzito unaokaribiana, kwa kuwa gari linalogongeshwa kwenye kizuizi ni kana kwamba limegongana na pacha wake. Nyota tano za SUV ya tani moja na nusu hazisemi lolote kuhusu kukutana uso kwa uso na Fuso lililobeba saruji.

Dereva, na upande alioketi

Mwaka 2012 IIHS walileta jaribio lililowaumbua watengenezaji wengi. Gari linakwenda kilomita 64 kwa saa na kugonga kizuizi kigumu kwa robo tu ya upana wa mbele, upande wa dereva. Ndivyo inavyokuwa mtu anapopita lori kwenye kona, anayekuja akakwepa dakika ya mwisho na magari yakakutana pembe kwa pembe, au gari linapoacha njia na kuvaa mti. Vyuma vikuu vya mbele, vile vilivyobuniwa kujikunja na kumeza nguvu, vinapitwa pembeni bila kuguswa. Nguvu yote inakwenda kwenye tairi, tairi linarudi nyuma na kuingia zilipo pedali na miguu ya dereva.

Mei 2013 walitangaza matokeo ya SUV ndogo 13. Subaru Forester ya umbo la SJ ilipata daraja la juu kabisa. Mitsubishi Outlander Sport, ambayo Japani inaitwa RVR, ilipata daraja la pili. Nyingine zote 11 ziliangukia madaraja mawili ya chini, zikiwemo Mazda CX-5, Honda CR-V na Nissan Rogue, ambayo ni ndugu wa X-Trail. Hyundai Tucson na Kia Sportage za wakati huo zilikuwa mkiani. RAV4 ilipimwa baadaye kidogo mwaka huo huo, nayo ikawa mkiani. Na mwaka huo huo wa 2013 RAV4 hiyo ilipewa nyota tano na Euro NCAP! Hakuna aliyedanganya. Ulaya walikuwa hawapimi pigo la aina ile.

Watengenezaji walirudi kiwandani. Mazda waliimarisha CX-5 za soko la Marekani zilizoundwa baada ya Oktoba 2013, na Toyota wakafanya vivyo hivyo kwa RAV4 mwishoni mwa 2014. Umbo lilibaki lile lile na taa zile zile, chuma cha ndani ndicho kilichobadilika. Ndiyo maana mwezi wa kuundwa kwa gari una uzito, na mwaka wa usajili peke yake hautoshi.

Kisha likaja swali linalotuhusu sisi zaidi ya Wamarekani wenyewe. Mwaka 2016 IIHS walichukua SUV ndogo saba zilizokwisha kufaulu upande wa dereva, wakazigonga upande wa abiria. Ni Hyundai Tucson mpya pekee iliyopata daraja la juu. RAV4 ya 2015 ilibonyea kuelekea ndani upande wa kulia kwa sentimita 33 zaidi ya ilivyobonyea kushoto, na mlango ukafunguka. Chuma kilikuwa kimeongezwa upande unaopimwa, upande wa pili ukaachwa ulivyokuwa.

Kwa Kenya, Tanzania na Uganda dereva anaketi kulia. Kwa hiyo ukisoma matokeo ya Marekani usiishie kwenye mstari wa dereva. Tafuta gari lililofaulu pande zote mbili. CX-5 ya KF, Forester ya SK na RAV4 ya 2019 zote zimefaulu hivyo, na mimi ningeanzia hapo kama mfuko unaruhusu. Kando yake weka matokeo ya JNCAP au ANCAP, kwa kuwa hao, hasa JNCAP, wanagonga magari yenye usukani kulia. JNCAP kwa miaka mingi waligonga gari uso mzima kwa kilomita 55 kwa saa, na sehemu ya uso kwa kilomita 64, na magari yao ndiyo yale yale yanayoshushwa bandarini Mombasa na Dar es Salaam.

Nyuma, wanakokaa tunaowapenda

Kwetu kiti cha nyuma ni cha heshima. Bosi hukaa nyuma, mgeni hukaa nyuma, mama mjamzito na watoto hukaa nyuma, na tunadhani tumewaweka mahali salama kuliko pote. Desemba 2022 IIHS walitangaza matokeo ya jaribio jipya ambamo sanamu ya kupimia imeketishwa nyuma ya dereva. SUV ndogo 15 zilipimwa. Mbili tu, Ford Escape na Volvo XC40, zilipata daraja la juu. RAV4 ilipata la pili. Forester na Nissan Rogue zilipata la tatu. Tisa zilikuwa mkiani, na kati yake zilikuwemo Honda CR-V, Honda HR-V, Hyundai Tucson na Mazda CX-5, ile ile inayosifiwa kwa kumlinda dereva.

Chanzo kiko kwenye mikanda. Mkanda wa mbele una kifaa kinachouvuta na kuubana mwilini papo hapo ajali inapotokea, halafu kifaa kingine kinaulegeza kidogo ili usivunje kifua. Nyuma, magari mengi hayana hata kimoja kati ya hivyo viwili. Mkanda unampandia abiria tumboni, au unamkaba kifua kwa nguvu yote. Hiyo si sababu ya kutofunga mkanda wa nyuma. Asiyefunga ni hatari kwake na kwa aliye mbele yake, ambaye atapigwa kisogoni na mwili unaoruka. Ni sababu ya kuuliza kama gari unalolitaka lina mikanda ya nyuma inayojibana yenyewe, na kuhakikisha kwamba kiti cha katikati kina mkanda wa kupita begani na sehemu ya kuegemeza kichwa. SUV nyingi za zamani zina mkanda wa kiunoni tu pale katikati, na aghalabu anayewekwa hapo ni mtoto.

Kwa mtoto mdogo, ingiza vidole kwenye mwanya kati ya kiti na mgongo wake utafute vyuma vya ISOFIX, ambavyo kiti cha mtoto hubanwa navyo bila kutegemea mkanda. Kiti cha mtoto kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya eabegi inayofanya kazi. Ikifumuka inakisukuma kiti chote, na mtoto yumo.

Pigo la ubavuni ni la kila mtu aliye upande uliogongwa. Mwaka 2021 IIHS waliongeza uzito wa kigongeo hadi kilo 1,900 na mwendo hadi kilomita 60 kwa saa, karibu na nguvu ya pikapu inayovunja taa nyekundu. SUV ndogo 20 zilijaribiwa. Ni CX-5 pekee iliyopata daraja la juu. Tafuta gari lenye eabegi za pazia, zinazoshuka kutoka darini kufunika madirisha ya mbele na nyuma. Kwenye nguzo za madirisha utaona maandishi madogo ya SRS. Magari mengi yaliyouzwa Japani kabla ya kati ya miaka ya 2010 yana eabegi mbili tu za mbele, kwa sababu mnunuzi wa kwanza hakulipia nyingine.

Kitu kimoja ambacho ningekidai kabla ya vyote

SUV iko juu, na kilicho juu hupinduka upesi. Mfumo wa kompyuta unaozuia gari kuteleza na kuyumba, kwa kufunga breki ya tairi moja moja dereva anapokata usukani ghafla, ni mmoja kati ya mifumo iliyookoa watu wengi zaidi tangu mkanda wa kiti. IIHS walikuta kwamba mfumo huo unapunguza kwa karibu nusu hatari ya ajali mbaya ya gari moja, na kwa SUV unapunguza kwa takriban robo tatu hatari ya kufa kwa kupinduka peke yako. Fikiria bodaboda iliyochomoza ghafla, mbuzi katikati ya barabara, lami iliyolowa baada ya mvua ya kwanza. Ni ajali za aina hiyo hasa.

Kila kampuni imeupa jina lake. Toyota wanauita VSC, Nissan na Subaru VDC, Honda VSA, Mazda DSC, Mitsubishi ASC, Suzuki ESP. Japani iliulazimisha kwa miundo mipya kuanzia Oktoba 2012 na kwa magari mengine mapya Oktoba 2014. Kabla ya hapo ulikuwa wa kulipia zaidi, hivyo RAV4, Vanguard na X-Trail za zamani nyingine zinao na nyingine hazina. Washa swichi bila kuwasha injini. Kwenye dashibodi ikitokea taa ya kijigari chenye alama za kuteleza nyuma yake, kisha ikazimika injini inapoanza kunguruma, mfumo upo na unajikagua. Isipotokea, gari halina mfumo au mtu ameificha taa. Kati ya gari lenye viti vya ngozi na kamera pande zote, na gari la kawaida lenye VSC, mimi huchukua la pili bila kusita.

Breki zinazojifunga zenyewe zinakuja baada ya hapo. Subaru waliingiza EyeSight sokoni Japani mwaka 2008, Toyota wakaleta Safety Sense 2015, na Honda, Nissan na Mazda wana zao. Mifumo hii hupunguza kwa takriban nusu ajali za kumgonga aliye mbele. Lakini usiitegemee usiku kwa waenda kwa miguu: utafiti wa IIHS wa 2022 ulionyesha kwamba kwenye barabara isiyo na taa haikuleta tofauti yoyote, na barabara zetu nyingi usiku hazina taa. Mfumo wa kuonya gari linapotoka kwenye mstari nao unahitaji mstari uliopakwa rangi.

Gari lenyewe lililo mbele yako

Yote niliyosema ni ya gari jipya lililogongwa likiwa limekamilika. Lako limeishi. Kwanza omba karatasi ya mnada ya Japani. Alama ya R au RA maana yake gari limewahi kupata ajali na kutengenezwa kwenye sehemu za mhimili, kama nguzo, sakafu au vyuma vikuu vya mbele. XX kwenye mchoro maana yake kipande kimebadilishwa. Mlango uliobadilishwa si tatizo kubwa, nguzo iliyochomelewa ni tatizo kubwa. Gari lililonyooshwa chesisi halijikunji tena kama lilivyojikunja maabara. Inua kapeti la buti, tazama kuta za injini, tafuta mshono wa kuchomelea usiofanana na mwenzake wa upande wa pili.

Taa ya SRS inapaswa kuwaka sekunde chache unapowasha swichi, kisha izimike. Isipowaka kabisa, shuku kwamba imekatwa kuficha eabegi zilizokwisha fumuka. Vuta kila mkanda hadi mwisho, uachie. Mkanda unaorudi kwa uvivu au ulioganda huenda ulishabana kwenye ajali.

Kuna hatari nyingine inayowahusu hasa watu wa pwani. Eabegi za Takata ziliundwa kwa baruti ya amonia naitreti, ambayo joto na unyevu wa miaka mingi huiharibu, ikilipuka hurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Marekani peke yake eabegi zipatazo milioni 67 ziliitwa zirudishwe. Baadhi ya RAV4, CR-V, X-Trail na Forester za miaka ya 2000 zimo. Gari lililokaa Tanga, Lamu, Mombasa au Unguja miaka kumi liko katika hali ile ile inayoiharibu baruti hiyo. Chukua namba ya chesisi uiingize kwenye ukurasa wa kampuni wa Japani wa magari yaliyoitwa kurudishwa, au mpelekee wakala wa kampuni hiyo nchini kwako. Gari la zamani ambalo kazi hiyo haijafanywa, usilinunue mpaka ifanywe.

Angalia matairi pia. Magari mengi hushushwa yakiwa na matairi ya theluji, laini, yasiyoshika lami yenye joto. Tarakimu nne kwenye ubavu wa tairi, kwa mfano 2319, maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Ukishalinunua, kuna mambo yanayofanywa gereji wiki ya kwanza ambayo hubomoa kile ulicholipia. Spesa za kuinua gari zinaongeza urefu wa kitovu cha uzito na kuongeza nafasi ya kupinduka. Keria la juu likijazwa mizigo hufanya vivyo hivyo. Ngao ya chuma mbele ya bampa hubadili jinsi pigo linavyofika kwenye sensa za eabegi, na kwa mtu anayevuka barabara ni balaa. Kioo cha mbele kikibadilishwa kwenye gari lenye kamera ya breki, kamera lazima ipangwe upya na fundi mwenye mashine yake, la sivyo itaona barabara mahali isipo. Na kava za viti, zile za kushonwa zinazobana pande zote, huziba eabegi iliyo ubavuni mwa kiti. Kabla hujamwachia fundi wa kava gari lako, tafuta kijilebo cha SRS kwenye ukingo wa kiti upande wa mlango, umwonyeshe kwa kidole, na umwambie mahali hapo paachwe wazi.